Mkono Niliounyoosha Nyuma ya Deo

Admin, jina langu lifiche, la rafiki yangu nimeshalibadilisha. Mimi ni mzee wa miaka themanini na nane, naishi Mkolani hapa Mwanza. Anayeandika haya kwenye simu ni mjukuu wangu, nimemwapisha asimwambie mtu na asinipambe.

Miaka michache kabla ya Uhuru nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Magu, karibu na ziwa. Kila asubuhi kabla ya kazi tulichota maji ziwani, ndoo mbili mbili, tukamwagia njia ya mbele ya nyumba ya meneja ili mkewe asipate vumbi. Sasa huyo meneja na mkewe walisharudi Ulaya kabla hata mimi sijaajiriwa. Nyumba imefungwa, popo wamejaa darini, sisi tunamwaga maji tu. Nilikuta watu wanachota, nami nikachota.

Deo alikuwa Mhaya wa Bukoba, tulilala chumba kimoja. Siku moja akaweka ndoo chini, akamuuliza nyapara wetu, "Samahani mzee, haya maji tunammwagia nani?"

Nyapara akajibu, "Ndivyo tulivyoikuta kazi."

"Basi mimi naiacha hapo," Deo akasema.

Tulicheka. Baada ya wiki hatukucheka tena, tulimchukia. Tulisema anajifanya msomi, anatuona sisi wajinga. Mimi nilijua kabisa kwamba anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nyapara akatupanga uwanjani. Deo akasimamishwa mbele, ametupa mgongo, anatazama ofisi. "Asiyetaka kufanya kazi na mtu huyu anyooshe mkono." Nikaangalia kulia, mikono iko juu. Nikaangalia kushoto, iko juu. Wangu nao ukapanda. Wallahi hakuna aliyenilazimisha. Deo akafukuzwa siku ileile, na alikuwa amebakiza miezi miwili aoe.

Nilimkuta chumbani anafunga mzigo wake. Akaniuliza, "Na wewe ulinyoosha?"

Nikamwambia, "Mimi? Ni mimi peke yangu niliyebaki na mikono chini."

Akanikumbatia akalia. Harusi yake ilichelewa miaka mitatu kwa kukosa kazi. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, Mkatoliki yule akampa jina langu la Kiislamu, padri akanuna wee, yeye hakujali.

Uhuru ulipokuja nikapewa unyapara mimi. Kama mnadhani niliyasimamisha yale maji, mmekosea. Mama mmoja kibarua aliniuliza ni ya nini, nikamjibu, "Ndivyo tulivyoikuta kazi." Mdomo wangu huu huu.

Wiki iliyopita yule mtoto, ambaye sasa naye ana wajukuu, akanipigia simu. "Shikamoo baba. Mzee wetu anatimiza miaka tisini, na moyo wake umechoka sana. Zawadi hataki. Anakutaka wewe usimame mbele ya ukoo, uwaeleze watoto ulivyokataa kufuata kundi siku ile."

Hapa nyumbani wote wakasema lazima niende, na kanzu imeshapelekwa kwa fundi. Nikasema nitakuja. Mnaona lakini? Kila mtu kasema ndiyo, nami nikasema ndiyo.

Nikisema ukweli, namnyang'anya mgonjwa rafiki mmoja ambaye yeye anadhani anaye, na mwanawe anabaki na jina la mwongo. Nikinyamaza, nasimama mbele ya wajukuu wa Deo kuwafundisha ushujaa ambao sikuwa nao. Nina aibu jamani.

Jumamosi ijayo tunapanda meli kwenda Bukoba. Nishaurini, nimwambie Deo au ninyamaze? Ila wewe unayetaka kunijibu, nakuomba kitu kimoja: usisome kwanza wenzako wameandika nini.