Movie Zangu Bora za Mwaka Jana na Sauti ya DJ Bona

Mwanaume aliyenifungulia mlango ndiye mwenye sauti ninayoijua kuliko ya mume wangu, na alishindwa kunisalimia.

Alifungua mdomo, ukatoka upepo tu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana wengi mnanidai orodha ya movie bora za mwaka jana na mnadhani naringa.

Naitwa Speciosa, nina mgahawa hapa Rusumo, mpakani. Wateja wangu ni madereva wa malori. Dereva akisubiri karatasi zake zipite anaweza kukaa hadi akakuzoea kama shemeji yake. Kwa hiyo nina TV, nina flashi, na kila wiki laibrari moja ya Ngara, duka la movie, wananiwekea mpya zilizotafsiriwa.

Isiyotafsiriwa siangalii. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, na sioni haya kusema. Kwangu mimi, DJ, yule anayeitafsiri kwa sauti yake juu ya picha, ndiye movie.

Na DJ wangu ni mmoja, DJ Bona wa Biharamulo. Jina lake la ubatizo ni Bonaventura. Alikuwa anatafsiria nyumbani kwake Kaniha, kwenye chumba alichobandika magodoro ukutani ili majogoo wa jirani wasiingie kwenye movie. Walikuwa wanaingia hivyo hivyo.

Alikuwa na mdomo huyo. Adui akijitokeza tu, Bona anakwambia, "Huyu namjua, ukimwazima jembe anarudisha mpini." Risasi zinalia, yeye anasalimia madereva wa Rusumo, na madereva wangu wanagonga meza hadi chai inamwagika.

Haya, orodha.

Namba tatu ni ile ya Kihindi, mjane anayemsaka mwizi wa nyati wake treni kwa treni. Ilitoka mwanzoni mwa mwaka. Bona alikuwa wa moto, mjane akilia naye analia. Mwishoni tu sauti ilimkwaruza kidogo. Nikasema mafua.

Namba mbili ni ya Kikorea. Mpishi wa gerezani anamjua mfungwa aliyemuua kaka yake, na kila siku lazima ampakulie chakula. Hapo mkwaruzo ulikuwa umeshahamia kabisa. Sisi akina mama tukafurahi. Francisca anayeosha vyombo kwangu alisema sauti hiyo mtu unaweza kuolewa nayo.

Namba moja ni ile ya lori.

Mzee anavusha lori kwenye barafu, binti yake mgonjwa kalala kiti cha pembeni, hospitali iko nyuma ya mlima. Mpaka leo nikiikumbuka natafuta kitambaa.

Humo Bona alikuwa haongei. Bona yule yule wa kusalimia watu katikati ya risasi. Mzee anamfunika binti blanketi, muda unapita, husikii neno, ni injini tu. Halafu anasema kwa chini, "Anamwambia asilale." Ananyamaza tena.

Chai zikapoa mezani. Nduwayo, dereva mtu mzima anayetukana mpaka matairi, alitoka nje akajifanya anakagua turubai.

Usiku huo huo niliingia kwenye ukurasa wangu, huu huu wa Mama Movie, nikaandika: "DJ Bona amekomaa. Amejua kuna sehemu maneno ni uchafu. Na huo mkwaruzo asiutoe, ndiyo sauti tunayoitaka."

Mlisambaza nyie wenyewe. Ilifika hadi Mwanza.

Movie zilizofuata alizidi kunyamaza. Tukazidi kumsifu.

Desemba madereva wakachanga, wakanunua maiki ya kisasa nimpelekee kama zawadi ya mwaka. Nikamwandikia, akajibu kwa maandishi kwamba nakaribishwa. Nikipiga hapokei. Nikasema haya, ustaa umeanza. Nikapanda gari hadi Biharamulo, nikachukua bodaboda hadi Kaniha, maiki kwenye mkoba, midomo nimepaka rangi.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

Alikuwa na kitambaa shingoni, na shati limemzidi mabega. Mkewe, Felisita, akatokea nyuma yake, akanivutia kiti.

"Usimchukulie vibaya, dada," akaniambia. "Sauti imekwisha."

Akanieleza huku mumewe ameketi pembeni, anameza uji kwa kijiko na kila kijiko anakifikiria kwanza. Ni uvimbe wa kooni. Wameenda hospitali kubwa, wakaambiwa umeshakwenda mbali. Kinachowezekana ni upasuaji, wautoe pamoja na sauti yenyewe, na hata hapo hakuna anayeahidi kitu. Walikuwa wanasubiri siku ya kulazwa.

Mkoba ulikuwa mapajani. Maiki iko ndani ya boksi lake jipya. Sikujua niitoe au niikalie.

Nikauliza swali ambalo natamani ningelimeza. Nikauliza kwa nini walichelewa.

"Nilimwambia twende tangu mahindi yako shambani," Felisita akasema. "Akanionyesha simu. Kuna mtu anajiita Mama Movie, ameandika sauti ya mkwaruzo ndiyo wanayoitaka. Akaniambia, mama Jovitha, unataka nikatibiwe kitu ambacho watu wanakipenda? Akasema amalizie kwanza movie za mwaka." Akakunja kanga yake mapajani. "Huyo mama simjui. Siku nikimwona nitamuuliza tu kama hana masikio."

Kumbe mumewe alimwambia mgeni ni shabiki kutoka Rusumo, basi.

Nilitaka kusema ni mimi. Mungu ananiona, mdomo nilishaufungua. Bona akanigusa mkono, akatikisa kichwa.

Felisita alipokwenda jikoni kuchemsha chai nikaanza kuomba msamaha. Sijui hata nilisema nini, nilikuwa nalia. Bona akanizuia, akasogea sikioni kwangu, maana hata kunong'ona kulikuwa kunamuumiza.

"Ile ya lori," akasema. "Ilikuwa nzuri kweli? Au ulijua naumwa, ukanihurumia?"

"Sikujua, kaka. Ilikuwa nzuri kweli."

Akafumba macho, akatabasamu. Halafu akaniomba niiweke namba moja, ila nisiandike lolote mpaka atakapotoka hospitali.

Unafanya nini hapo? Neno uliloliandika kwa mapenzi utalifutaje, na ukilifuta litamrudishia nini? Nilikunywa chai ya Felisita, nikashukuru, nikaaga. Madereva waliponiuliza kama maiki ameipenda nikasema ameipenda sana. Ipo kabatini kwangu hadi leo.

Upasuaji ulifanyika mwezi uliopita. Bona yu hai. Anapumulia tundu la shingoni na hataongea tena, na madaktari wanasema bado tuombe. Juzi ameniandikia kwamba sasa niseme, na nianze na mkewe.

Felisita, wifi yangu, Mama Movie ni mimi. Ulitaka kuuliza kama nina masikio. Ninayo, na nilisikia kila kitu, tangu mkwaruzo wa kwanza. Nilikaa nikausifia.

Na nyie wengine mnaosoma, mtu wenu mwenye maneno mengi akianza kuyapunguza, msikimbilie kusema amekomaa. Mpigieni. Asipopokea, nendeni kwake mkamwulize jana alikula nini, na kama kilishuka.