Vitoto vya Kiangazi

Mume wangu alipewa na misheni ya jirani beberu mmoja na majike wachache wa manyoya marefu meupe, ili masista wapate nyuzi za kufumia. Tulikuwa tunaishi karibu na Samuye. Bwana mifugo alimweleza kwamba mbuzi hao hawavumilii njaa kama wetu wa kienyeji: wapandwe mwanzoni mwa kiangazi, wazae mvua ikianza na majani yakichipua. Kwa hiyo beberu alikuwa na zizi lake peke yake, na mume wangu alilinda lango lake kuliko mlango wa nyumba.

Kisha tukahamishiwa kijiji kipya. Malori yalikuja wakati wa mvua, nyumba zikaezuliwa, na ngitili yetu, yale malisho tuliyoyafunga kwa ajili ya kiangazi, ikabaki nyuma bila mwenyewe. Tulikofikia hapakuwa na zizi hata moja. Mbuzi wote walilala chini ya mti, na mpaka mume wangu alipopata miiba ya kutosha ya kujengea, beberu alikuwa amekwisha kuwapanda majike wote.

Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba watazaa katikati ya kiangazi. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja.

Walizaa upepo wa vumbi ukivuma. Majike walikuwa wamekonda, viwele vimesinyaa, na baadhi yao waliondoka bila hata kuwalamba watoto wao. Tulikuwa na ng'ombe mmoja anayekamuliwa. Mimi niliugua wakati wa kuhama, maziwa yangu yakakauka, na binti yetu mchanga alikuwa akiishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Mume wangu akaanza kuchota maziwa kutoka kwenye kibuyu cha mtoto na kuwanywesha vitoto vya mbuzi kwa kitambaa.

Mama mkwe alimtazama kwa siku kadhaa. Asubuhi moja akakishika kibuyu.

"Mbuzi atazaa tena," alimwambia mwanawe. "Huyu mtoto ukimzika, umemzika."

"Mayu, nao wamezaliwa mikononi mwangu."

"Waache."

Mume wangu alikiachia kibuyu. Mimi nilikichukua, nikaingia ndani, nikamnywesha mwanangu huku nikisikia vilio vya nje. Vilikuwa kama vya watoto kweli. Siku zile vilipungua kimoja kimoja, na mume wangu alikuwa akienda kuvifukia vitoto mbali ili nisione. Hakikubaki hata kimoja.

Mwaka uliofuata alifanya kila kitu kwa wakati wake. Lakini mvua ilikuwa haba, majike wamebaki ngozi na mifupa, na alipomfungulia beberu wengi wao walimkimbia. Waliopandwa walitupa mimba. Aliwanyoa kwa mara ya mwisho, akapeleka manyoya misheni, akaniambia anakwenda Geita kuchimba dhahabu na wenzake.

Aliondoka binti yetu akijifunza kutembea. Aliporudi, mtoto alikuwa anakwenda shule, na yeye alikuwa na kikohozi cha vumbi la mawe ambacho hakikumwacha tena. Aliuliza habari za mbuzi kabla hajakaa. Nilimwambia wa mwisho alinasa kwenye tope la lambo akitafuta maji, akafia hapo.

Nikamletea uji, akaunywa akiwa amenigeuzia mgongo.