Chotara wa Kinyozi

Kinyozi mwenyewe alikuwa na upara, na utani kwamba alijinyoa akapitiliza aliusikia kila siku ya Mungu, na kila siku aliucheka kana kwamba ni mpya. Walimwita Kipara, naye akaitika. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kunyolea, kioo kirefu kilichopasuka kwenye kona, na benchi la wanaosubiri zamu pamoja na wale wasiosubiri chochote ila soga. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kingine ambamo mkewe alishona nguo. Cherehani ililia upande ule, mashine ya kunyolea ikalia upande huu, na ndoa yao ilikwenda hivyo miaka mingi bila makelele mengine.

Mkewe mtaa mzima ulimwita Shangazi. Wanawake wenzake waliitwa mama fulani na mama fulani. Yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa, ikabidi watu watafute pengine pa kumshika. Kama jina hilo lilimchoma, hakusema. Aliitika, akapima suruali, akauliza kama wanataka ndefu au fupi.

Sasa tuje kwa samaki, maana ndio walioleta kizaazaa chote.

Mkabala na viti Kipara aliweka matangi mawili ya kioo. Dogo lilikuwa la visamaki vya kijivu vyenye mistari myeusi, ambavyo hakuna aliyevijali. Kubwa lilikuwa la wale aliowaita kasuku: wekundu, mviringo kama chungwa, wenye kinywa kidogo kilichochongoka kama mdomo wa ndege, na kinywa hicho hakifumbiki. Ukikaa kitini uliwaona kwenye kioo, wamekukodolea macho na mdomo wazi, ukajikuta nawe unacheka. Watu walisema samaki wa Kipara wanacheka, na Kipara, mtu wa watu, aliamini. Samaki hao huwapati mtoni wala ziwani. Binadamu kachukua aina hii kaipandanisha na ile, wakatoka wao. Kwa neno letu la kila siku, chotara. Yeye mwenyewe aliwazalisha uani, kwenye pipa lililokatwa, kutokana na wazazi wa aina mbili aliopewa na rafiki yake, na kila mteja aliyewapenda hakuondoka mikono mitupu.

Siku moja akaingia mteja mgeni, mwalimu wa sayansi, mtu mpole wa kuomba radhi hata kwa kukaa. Aliwatazama kasuku muda wote wa kunyolewa na hakucheka.

"Unajua kwa nini hawafumbi mdomo?" aliuliza.

"Wana furaha," alisema Kipara.

"Hawawezi kufumba, ndugu yangu. Taya limekaa upande. Chakula wanakisaga kooni. Ukiwaweka na samaki wengine wenye meno, watakufa njaa wanaona."

Kipara alizima mashine. "Na mayai? Maana jike wangu anataga, anayalinda, anayapepea kwa mapezi mchana kutwa, dume naye yuko papo hapo. Siku mbili tatu yote yanageuka meupe."

"Ndivyo walivyo chotara hawa, mara nyingi," alisema mwalimu, akaanza kueleza zaidi, lakini Kipara hakusikia yaliyofuata. Alikuwa amewageukia samaki wake anawatazama vinywa.

Tangu hapo akili haikumtulia. Alimnyoa mtu mmoja sharubu ambayo mwenyewe hakutaka iguswe. Benchi likajaa mjadala. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa mlangoni na maoni yake yalikuwa kila mahali, alisema huo ni wazimu. Kuku wa kisasa hawezi hata kusimama kwa miguu yake, mbona mnamla na kulamba vidole? Baghala naye kazaliwa na punda na farasi, hazai, na anabeba mizigo ya watu, kuna aliyemlilia? Kipara akaona ana haki. Kisha akamwona kasuku anafukuzia punje ya chakula, inamtoka mdomoni, anaifuata, inamtoka tena, akaona mwalimu ana haki. Jamani, mtu afanye nini? Asubuhi aliapa hatazalisha tena, jioni alikuwa uani anachungulia pipa.

Mwishowe akaamua, na mtu aliyesumbuka sana akiamua huwa ni balaa. Aliacha kuwapa watu kasuku, na badala yake akawapa hotuba. Kila aliyekaa kitini, kitambaa kikishafungwa shingoni na hana pa kukimbilia, aliipata yote.

"Chotara si wa kuzalisha," alisema, mashine mkononi, sauti imepanda. "Unachanganya damu mbili zisizojuana, anatoka kiumbe wa ajabu. Kwanza hazai. Chotara hazai, andika. Utamwona tu anahangaika na mayai yake, mayai gani sasa? Bora asingezaliwa."

Benchi likaitikia. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa imenyamaza tangu pale aliposema damu mbili, ila nani angesikia kunyamaza kwa cherehani katika kelele zile? Kipara hakusikia. Alimpangusa mteja nywele za shingoni, akaridhika na nafsi yake.

Jioni ile Shangazi alijibu "sawa". Kesho yake akajibu "ndiyo" na "hapana". Wiki ikakatika hivyo. Si kwamba alinuna. Mtu akinuna walau unajua yupo. Chakula kilikuwa mezani, mashati yalikuwa yamepigwa pasi, na mwenyewe alikuwa mbali kama mpangaji. Kipara akajikuna upara. Pengine anaumwa? Akamwuliza, akaambiwa hapana. Pengine kachoshwa na samaki? Akasema atawatoa wote dukani. Shangazi akasema, "Kwani wao wamekosa nini?" akarudi kwenye kazi yake. Kipara akazidi kupotea.

Alipoona maji yamemfika shingoni akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuza vitambaa wa barabara ya pili. Huyo hakuwa mtu wa kuzungusha.

"Shemeji, hebu rudia uliyokuwa ukisema dukani. Neno kwa neno."

Kipara akarudia. Damu mbili, hazai, bora asingezaliwa. Alipofika hapo alisema polepole, kama mtu anayekanyaga gizani.

"Baba yetu alitoka wapi?" aliuliza shemeji.

"Kule kwao."

"Na mama?"

"Huku."

"Sasa shuleni mimi na dada tulikuwa tunaitwaje? Sokoni je? Siku mama yako alipokuja kututazama kabla hujaoa, alimnong'oneza nini yule aliyekuja naye, akidhani hatusikii?"

Si kwamba Kipara hakujua. Alijua, kama unavyojua mlango wa nyumbani kwako una rangi gani, na ukiulizwa ghafla unababaika. Kwake yeye mke alikuwa mke. Neno lile, chotara, alilitoa kwenye tangi na akalirudisha kwenye tangi, na katikati hapo lilikuwa limepita chumba cha pili. Aibu ilimshika.

Akakimbilia nyumbani kuomba msamaha, na kwa kuwa alikuwa bado amevurugikiwa, akauharibu.

"Mke wangu, nilisema samaki. Sikukusudia wewe. Wewe hufanani nao hata chembe."

"Ningefanana nao ingekuwa sawa?"

"Hapana. Yaani, nasema mtu ni mtu. Samaki wana midomo vile."

"Na la kutozaa?"

Miaka ile ya mwanzo ya ndoa walishauriwa waende kliniki wote wawili. Shangazi alikwenda, akarudi na majibu kwamba hana tatizo lolote. Kipara alikuwa na kazi nyingi siku hiyo. Akawa na kazi nyingi na siku nyingine, kisha mambo yakaachwa yapoe, na mtaa ukaamua wenyewe kosa ni la nani. Hakuwahi kuusahihisha. Kusema kweli hakujua asahihishe nini, maana hakwenda.

"Sijui nikujibu nini," alisema.

"Naona," alisema Shangazi, na sindano ikaendelea.

Siku chache baadaye Kipara, ambaye muda wote huo aliwatupia samaki chakula bila kuwatazama, alifungua duka, akaenda kuwalisha, akakuta kasuku wake jike hayupo. Alitazama nyuma ya jiwe, akatazama sakafuni. Alikuwa kwenye tangi dogo, kati ya visamaki vya mistari, anazunguka kwa ukali kama mwenye nyumba, na kando yake dume moja la kijivu linawafukuza wenzake wote pembeni. Chini, juu ya kigae, kulikuwa na kitu kama vumbi. Kipara akainama hadi pua ikagusa kioo. Vumbi lilikuwa na macho. Lilitikisika, likapanda kidogo, likashuka.

Aliita. Shangazi akatokea penye pazia na futi ya kupimia nguo shingoni.

"Nani kamhamisha?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ile ile ya hotuba yako. Yule mwalimu alileta suruali ipunguzwe, nikamwuliza yale ambayo wewe hukungoja akumalizie. Akasema jike hana shida. Mwenye shida, mara nyingi, ni dume. Mpe jike dume mwingine, hata hao wasio na thamani, utaona."

Kipara alisimama kati ya matangi mawili. Alitaka kufurahi, maana watoto ni watoto. Alitaka kukasirika, maana alikwisha kula kiapo hazalishi tena, na sasa kuna chotara wa chotara, midomo yao haijulikani itakaaje. Zaidi ya yote aliogopa, na alijua anachoogopa.

"Wametoka," alisema Shangazi kwa sauti ya kawaida. "Sasa kawaambie nao bora wasingezaliwa."

Akarudi nyuma ya pazia.

Wateja wakaanza kuingia. Fundi viatu alikuwa wa kwanza kuliona tangi dogo, akapiga makofi. "Kipara, si ulisema chotara hazai? Haya, tueleze." Benchi likacheka, likageuza macho kwake. Kitini kulikuwa na mtu ambaye nusu ya kichwa chake imenyolewa.

Kipara alizima mashine. Cherehani nayo ilikuwa kimya, na safari hii aliusikia ukimya wake.

"Nilisema uongo," alisema. "Jike anazaa. Hakuwa na kasoro tangu mwanzo. Alipimwa."

"Samaki alipimwa?" aliuliza fundi viatu, bado anacheka.

"Mke wangu alipimwa. Mimi ndiye sikwenda. Hadi leo sijui nina nini au sina nini, na ninyi nyote mmemtazama yeye miaka yote hii kwa sababu nilinyamaza."

Mtu wa kitini alishika kitambaa cha shingoni kwa mikono miwili, hajui aondoke au akae. Fundi viatu alikiangalia kiatu alichokishika kana kwamba si chake.

Pazia likasogea. Shangazi alitoka amevaa viatu vya safari, mkoba begani, macho mekundu. Hakumtazama mtu wa benchi hata mmoja.

"Mmalizie mtu huyo kichwa chake," alimwambia mumewe, "kisha ufunge duka. Wale wa kliniki ikishafika saa saba hawapokei tena watu, na mimi sitaki uniambie kesho."