Mionzi ya Bure

Mwanangu, hadithi hii inanionyesha nilivyo bwege, ndiyo maana nakusimulia mwenyewe kabla hujaisikia kwa mwingine imeshatiwa chumvi. Na usicheke nikikuita mwanangu wakati ndevu zangu bado changa. Mimi ni kinyozi. Nimenyoa vichwa vya wazee wengi, labda busara kidogo imenidondokea.

Siku moja, pale saluni kwangu Igogo, nilikuwa namnyoa mwalimu wa sayansi. Akatuambia kuna mionzi inatoka mbali sana huko juu. Nyota kubwa ikifa inalipuka, inarusha vichembe vidogo mno, vinakimbia karibu sawa na mwanga. Vinasafiri mamilioni ya miaka katikati ya nyota, na huko kote kuna usumaku unaovipinda, mara huku mara kule, hata vikifika kwetu huwezi kunyoosha kidole ukasema vimetoka nyota ile. Vinagonga hewa ya juu, vinapasuka, na vipande vyake vinapita kwenye bati na kwenye kichwa chako bila hodi.

"Sasa watu wanapanga foleni ya mionzi hospitali ya nini?" nikasema. "Si wakae uani tu, ya bure hii hapa."

Saluni nzima ikacheka, isipokuwa mwalimu.

"Hiyo siyo ile ya hospitali, kinyozi," akasema. "Ile inalengwa kwenye ugonjwa. Hii inapita tu."

Lakini watu walishaanza kutoka na utani wangu mdomoni.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Maneno yangu yalienda sokoni, yakavuka ziwa mpaka Busisi kwa shangazi yangu Kabula, aliyekuwa na uvimbe kwenye titi na ameshapangiwa kuanza mionzi. Yalipomfikia hayakuwa utani tena. Yalikuwa: mwalimu wa sayansi mjini amesema.

Nilipokwenda kumjulia hali, nilimkuta uani, kwenye mkeka.

"Shikamoo shangazi. Mbona hospitali hukwenda?"

"Marahaba baba. Naota mionzi hii ya juu. Ni ya bure, halafu haichomi."

"Nani kakwambia?"

"Wasomi wa mjini. Wewe utajulia wapi, kazi yako vichekesho."

Aibu ikanizuia kumwambia kuwa ulikuwa utani wangu. Tulimrudisha hospitali, lakini uvimbe haukuwa umemsubiri. Siku hizi wanamtuliza maumivu tu.

Basi mwanangu, kutania sikukatazi, ningekula nini mimi? Ila ugonjwa wa mtu usiuchezee. Neno likishatoka linapindwa njiani kama vile vichembe, na anayelipokea hakuoni ukikonyeza jicho. Mungu akupe ulimi mtamu, na akujalie uujue uzito wake mapema kuliko mimi.

Jumapili iliyopita nilijikaza, nikamwambia shangazi kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Akanishika mkono.

"Ungeyaleta mwenyewe, baba," akasema. "Ningejua ni yako, ningecheka, halafu ningeenda zangu hospitali."