Fundi injini niliyetia petroli sikioni, nusura niukose ufundi wenyewe

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Haya yamenikuta mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi huku ziwani. Kazi yangu ni sikio. Ncha ya bisibisi ndefu naigusisha kwenye injini, mpini naubana kwenye sikio la kulia. Beringi ikianza kufa naisikia kabla mwenye injini hajajua. Wateja wananifuata kwa hilo.

Sasa kufunga propela unaingia majini mpaka kifuani, na mawimbi hayapigi hodi. Maji yakaingia sikio hilohilo, likawa linawasha. Nikachokonoa na njiti ya kiberiti. Raha yake mnaijua.

Kuwasha kukageuka maumivu. Nikatumia akili ya kifundi: petroli inakausha kila kitu. Nikadondoshea tone.

Nisiwadanganye, nililia mbele ya wateja.

Kesho yake sikio limevimba, linatoa majimaji yananuka. Nikaweka bisibisi kwenye injini inayounguruma, sisikii kitu. Niliogopa kweli. Fundi kiziwi nani atampa injini?

Mke wangu, Mama Kulwa, akanitazama tu.

"Baba Kulwa, mtu akichokonoa injini mwenyewe ndo akuletee, unamsema wiki nzima. Nyanyuka twende hospitali."

Daktari, dada mmoja mpole, akalivuta sikio kidogo tu, nikaruka. Akachungulia na kitochi chake. Akasema ngoma ya sikio ni nzima, ugonjwa uko kwenye ngozi ya njia yake, na uvimbe umeiziba ndiyo maana sisikii. Ngozi ikikaa na maji inalainika, njiti inaichubua, bakteria wanapata pa kuingilia. Petroli ikaunguza palepale.

"Na hiyo nta ya sikio unayoitoa na njiti ndiyo grisi yake," akasema.

Mama Kulwa akacheka mpaka akafuta machozi.

Daktari akanisafisha, akanipa dawa ya matone, akakataza maji na njiti. Nilifuata yote, kwa woga.

Wakuu, sikio likiuma wahini hospitali, ufundi tuuache kwenye injini.

Siku niliyorudi kazini niliweka bisibisi kwenye injini. Nikaisikia, kwa mbali, beringi inasaga. Mwenye injini akaniuliza mbona nacheka na injini yake mbovu.

Haya, mafundi wenzangu, semeni ukweli: nyie mnachokonolea nini?