Kima wa Kabiro Aliyelelewa kwa Chapati

Kazi yangu ilikuwa kuokota mavi. Nasema wazi kwa sababu kule mtaani Kabiro nilikopanga walishazoea kunidhihaki, kila nikipita: "Niaje, daktari wa mavi!" Washenzi. Mtafiti mmoja alikuwa akichunguza kima wa ule msitu wa nyuma ya Kibera, nami nilimwokotea kinyesi asubuhi kabla hakijakauka, nikakitia kwenye vichupa: cha kima wa ndani wanaokula matunda, majani na wadudu, na cha wale wa pembeni wanaovuka kuja jalalani kula ugali na chipsi zetu. Kuinama huko kote kulinifunza jambo moja. Tumboni mwa mnyama mna bakteria wanaomsaidia kusaga chakula, na hao hufuata anachokula. Mzoeshe makombo ya jalalani, wale wanaoyaweza majani wanapungua. Ukimrudishia majani ghafla, yanamshinda.

Sasa mwenye ploti yetu, zile nyumba tulizopanga, mzee wa kanisa mwenye kitambi na suti ya kahawia, alikuwa na kima jike amemfunga mnyororo mlangoni pa duka lake. Alimpata akiwa mchanga, akamlea kwa chapati na chai ya maziwa, na wageni wakija alimwonyesha kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Siku aliposikia kuwa maafisa wa wanyamapori wanapita mtaani kukamata wanaowafuga, ujasiri wote ukamwisha.

"Kesho naitupa msituni," akasema. "Si ni mnyama? Itakula majani."

"Mzee, atakufa huyo," nikamwambia. "Nipe miezi miwili nimzoeshe."

Alicheka mpaka akafuta machozi, na wapangaji wakacheka kwa kuwa nyumba ni zake. Lakini alikubali, akamhamishia uani maafisa wasimwone. Kila jioni nilimletea majani, panzi na matunda ya mkuyu, na matunda hayo niliyapaka kinyesi kibichi cha kima wa ndani, maana bakteria aliowahitaji walikuwa humo. Wapangaji walitema mate. Watu wanaokunywa maji ya mpira uliopita ndani ya mtaro wa choo, ati wananitemea mimi mate!

Kima akaanza kula. Nilimpenda yule mnyama, sifichi. Akitafuna alinishika kidole kimoja asikiachilie. Ila kinyesi chake hakikubadilika. Kilibaki laini, chenye harufu ya uchachu, kile kile cha jalalani, na mimi kinyesi hakinidanganyi. Asubuhi moja nikaamka mapema kuliko kawaida, nikachungulia. Mzee mzima, na vesti yake, amechuchumaa anammegea chapati kipande kipande.

"Kula, mama," ananong'ona. "Wasije wakasema kwangu kuna mtu analala njaa."

Pumbavu! Kwake aibu ya kunyima chakula ilikuwa kubwa kuliko uhai wa anayelishwa. Na mimi je? Nilirudi ndani kwa kunyata nisionekane, kwa sababu aliyemwaibisha mzee yule hakumaliza mwezi katika ploti yake.

Miezi miwili ikaisha. Mzee akaniita mbele ya wapangaji wote.

"Haya, daktari. Iko tayari ama haiko?"

Alinitazama. Nilijua anajua kuwa hayuko tayari. Nikasema yuko tayari.

Tulimfungulia msituni, chini ya mkuyu. Siku ya tisa nilimkuta mita chache kutoka hapo, amekonda mgongo, tumbo limevimba kama ngoma, mashavu yamejaa majani. Alikuwa amekula, maskini. Alikula kila nilichomfundisha kula, na hakikumfaa kitu.

Nilipopeleka habari dukani, mzee alitikisa kichwa kwa huzuni ya mazishini.

"Si nilisema? Chakula ya msitu ni sumu."

"Ni kweli, mzee," wapangaji wakaitikia, wote, kama wako kanisani.

Dharau ilinipanda. Nilifungua mdomo niwatajie, pale pale, ni nani aliyemuua. Kisha nikaufunga, maana wauaji tulikuwa wawili.