Namba za Krismasi

Karani wa kituo cha kupimia majani chai alikuwa na vidole vyeusi vilivyoishinda sabuni, na Desemba hii vilikuwa mezani nyumbani vikikata vikadi vya zawadi kutoka kwa katoni kuukuu. Alitoboa kila kikadi kwa msumari, akapitisha uzi wa gunia, akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika, akapuliza wino, kisha akaita, "Mwingine!" kana kwamba foleni ya wakulima imefika jikoni. Mkewe, Esnah, alishazoea. Hata akimaliza sahani ya ugali aliita hivyo hivyo. Ila alipovisoma vile vikadi, alishika kiuno. Hapakuwa na jina hata moja. Zilikuwa namba tupu za wakulima, kama zilivyo kwa rejista ya mizani.

"Baba Zack, hii 0417 ni nani?"

"Si ni mama yangu."

"Kwani mama hana jina?"

"Kina Nyaboke ni wengi hapa Kiptere. 0417 ni mmoja."

Esnah alikuwa tayari kumpasha, ndipo akaona kikadi kilichofungwa kwenye leso mpya: 2263. Hiyo ilikuwa namba ya marehemu baba yake, iliyofutwa kitambo. Ndiyo aliyokuwa akiitaja pale kituoni akiwa msichana, wakati karani fulani alipokuwa akipima majani yake mara mbili kila siku, eti mizani imekwama, ili asiondoke upesi.

"Mwingine!" akaita karani bila kuinua kichwa.

Esnah hakusogea kumpisha mtu.